Mume Wangu, Kwotabeki wa Akiba

Kikao cha kumjadili mume wangu kiliitishwa Irving, karibu na Dallas huku Marekani, nyumbani kwa baba yake mdogo, na mimi nikapangiwa jikoni. Sikuulizwa. Shangazi yake alitupokea mlangoni, akamshika mtoto wangu mkono, akaniambia, "Mkwe, vitunguu viko pale, pilau bado haijaungwa." Huo ndio ukawa mwaliko wangu.

Sasa, majiko ya apatimenti za huku hayana ukuta. Kuna kaunta tu, inakufika kifuani, halafu sebule inaanzia hapo hapo. Kwetu Morogoro mkwe akipelekwa jikoni wakati wa kikao anakwenda uani kweli. Anapuliza moto, hasikii kitu, na wakubwa wanapata nafasi ya kumsema vizuri. Hawa walihama na desturi, ukuta wakauacha. Kwa hiyo nilisimama na kisu mkononi, nikitazamana nao uso kwa uso, nao wakiongea kana kwamba niko uani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Shule moja ya sekondari huko Houston, upande wa Gulfton, ilimtaka mume wangu awe kocha msaidizi wa mpira. Sisemi mpira wetu wa miguu. Nasema ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki. Angefundisha makwotabeki. Kwotabeki ndiye anayeshika mpira kwanza, anaamua amrushie nani, na akikosea uwanja mzima unamzomea yeye. Mume wangu aliletwa huku na huyu baba yake mdogo akiwa mtoto, akaucheza mpira huo sekondari mpaka chuo, na miaka yote hiyo alikuwa kwotabeki wa akiba. Mtu wa pili. Anasimama pembeni na jezi safi akisubiri mwenzake aumie, na mwenzake mzima kama chuma.

Alipokuwa chuo, ukoo mzima uliwahi kwenda kumtazama. Helmeti ya kwotabeki wa kwanza ikachomoka kichwani, na sheria yao ni kwamba ikikuchomoka unatoka kidogo, mpira unachezwa mara moja bila wewe. Mume wangu akaingia. Akapokea mpira, akamkabidhi mwenzake akimbie nao, akatoka. Shangazi alikuwa kwenye foleni ya soda. Mpaka leo anasema yeye hajawahi kumwona akicheza, na hawezi kushuhudia asichokiona.

"Wewe uliyekaa benchi," baba mdogo alianza, "utamfundisha mtu nini? Kukaa?"

Wakacheka. Mume wangu naye akacheka, na nikakata kitunguu kama kimenitukana.

"Baba mdogo, makocha wengi walikuwa watu wa akiba."

"Wengi akina nani? Mimi kocha ninayemjua ni mtu aliyewahi kufunga magoli. Akisema piga hivi, mtoto anajua huyu alipiga."

Shangazi ni nesi, yuko chumba cha upasuaji tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Akasema, "Mwanangu, mimi namshikia daktari mkasi kila siku. Hiyo haijanifanya daktari."

"Lakini shangazi, unajua mkasi gani unafuata kabla hajauomba."

"Najua, ndiyo. Na nimebaki najua." Akajigonga goti kwa kicheko. "Halafu nyumbani tulishasema unasomea mifupa. Kule kila mtu anajua wewe ni daktari wa mifupa. Sasa tuwaambie nini, umekuwa mwalimu wa michezo?"

Alisomea mambo ya mwili na mazoezi. Nani aliyeligeuza hilo kuwa udaktari wa mifupa, sijui, ila harusini kwetu lilitangazwa kwa kipaza sauti.

Waliendelea hivyo mpaka mchele ukaiva. Benchi, magoli, heshima, benchi tena. Mama mkwe wangu, ambaye anaishi nasi Grand Prairie, alikaa kwenye kona ya kochi na shali yake. Hakuna aliyeuliza kazi inaanza lini.

Mimi nilijua. Mwezi wa nane. Na mwezi wa nane ndio ningeanza shule ya unesi. Nina cheti cha kidato cha nne na mikono miwili. Nimewageuza wazee wa watu kitandani, nimewaosha, nimewalisha, kwenye nyumba ya wazee ambako ninaambiwa "msichana" na watu ninaowavisha nepi. Niliomba nafasi ya shule, nikakataliwa, nikarudia somo la hesabu, nikaomba tena, nikasubiri. Nafasi ilikuja majira yale yale ambayo Houston walipiga simu. Grand Prairie mama mkwe angekaa na mtoto nikiwa darasani. Houston tusingekuwa na mtu, maana mshahara wa kocha msaidizi ungetupatia chumba kisichomtosha na mama mkwe. Kocha wa mpira huu, msimu ukianza, anatoka alfajiri na kurudi mtoto amelala.

"Ataweza," nikasema kutoka jikoni.

Wote wakageuka.

"Kufundisha ataweza. Hilo si swali. Kuna swali jingine hamjaliuliza."

Baba mdogo akanitazama kwa upole kabisa. "Mkwe," akasema, "pilau inaungua."

Ilikuwa haiungui.

Wakakata shauri kwamba twende Houston wote watatu kwa siku chache, yeye ajaribiwe kwenye mazoezi ya mwezi wa tano, tukaone mazingira. "Mke atazoea," shangazi alisema akijipakulia. "Mke huzoea."

Barabara ya 45, ile ya kutoka Dallas kwenda Houston, niliendesha mimi. Yeye alikuwa na simu yake, anatazama video za wavulana asiowajua wakirusha mpira, anarudisha nyuma, anatazama tena. Kila tukipita mji nilitaka kusema kitu, kila nikifungua mdomo mtoto anauliza kwa Kiingereza kama tumefika.

Houston joto lake linakukalia kichwani. Mazoezi yalikuwa baada ya masomo, nami nilikaa na mtoto kwenye mabenchi ya chuma yanayounguza mapaja. Nataka kuwa mkweli: nilikuwa nimeombea afanye vibaya. Asifanye vibaya sana. Kiasi cha kuambiwa asante, tutakupigia.

Kwotabeki wao wa kwanza alikuwa mvulana mrefu mwenye mkono mzuri na kichwa kigumu. Akarusha mpira moja kwa moja mikononi mwa adui. Kocha mkuu akapiga kelele kutoka mbali. Mvulana akavua helmeti, akaitupa majanini. Mume wangu akamwendea taratibu, akasimama ubavuni pake, wote wawili wakiutazama uwanja.

"Uliona nini?" akamwuliza.

Mvulana akasema aliona mwenzake yuko wazi.

"Kabla ya hapo uliona nini?"

Na mvulana akaanza kusimulia. Mikono ikaanza kuonyesha, huyu alikuwa hapa, yule akasogea. Kufika katikati akaliona kosa lake, akacheka mwenyewe, akaenda kuokota helmeti yake.

Swali hilo nalijua. Alinifundisha kuendesha gari kwa swali hilo, kwenye maegesho ya ghala moja Grand Prairie. Niligonga nguzo ya taa, nikaangusha kilio. Mwanamume mwingine angesema, "Toka, nikuonyeshe." Yeye akaniuliza niliona nini. Nilitaka kumzaba kofi. Lakini leo hii naendesha barabara za Dallas saa ya msongamano na mkono mmoja namfuta mtoto makamasi.

Nilimtazama pale jua likituchoma na nikaelewa kitu ambacho baba mdogo na magoli yake hatakielewa. Mtu aliyezoea kucheza humwambia mtoto, fanya kama mimi. Mume wangu hana "kama mimi". Hakupewa mpira, akabaki na macho. Tena miaka yote hiyo alikuwa akimsaidia kujiandaa mtu aliyekalia nafasi yake, akimwambia angalia kushoto, jihadhari na yule, halafu anarudi pembeni kusimama. Kazi ya ukocha alikuwa ameshaifanya siku nyingi, ila haikuwa na jina wala mshahara.

Hapo ndipo hasira ilinipanda kwelikweli. Angekuwa hajui, ningepumzika.

Mke wa kocha mkuu alikuja na chupa za maji ya baridi. Mama mchangamfu, kofia pana, akamsifu mtoto wangu nywele. Akaniambia nisiogope: msimu ukianza wake wote wa makocha ni wajane, lakini tunasaidiana, tunapika kwa zamu. Yeye alikuwa mwalimu. Aliacha alipozaliwa mtoto wa pili. "Utazoea," akasema, akanipigapiga bega. Alilisema kwa wema, kama anayekuelekeza duka lenye nyama nzuri.

Kazi walimpa kabla hatujaondoka. Wakataka jibu baada ya Jumapili.

Kurudi aliendesha yeye, anapiga miluzi. Tukasimama kujaza mafuta karibu na Huntsville, mtoto amelala nyuma. Akarudi garini na mahindi ya kukaanga ninayoyapenda, akanipa, akanitazama macho yanang'aa.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi?"

"Basi nenda."

Akataka kunikumbatia. "Nilijua. Tunaenda!"

"Sikusema tunaenda. Nimesema nenda."

Akazima gari alilokuwa ameshaliwasha. "Mke wangu, shule za unesi ziko tele Houston. Uta-apply tena."

"Nita-apply tena, nitasubiri tena, halafu msimu wako utaanza tena. Na mtoto atakaa na nani? Na wale wajane?"

"Wajane gani?"

"Muulize bosi wako."

"Msimu mmoja tu. Vumilia msimu mmoja."

"Vumilia wewe. Umevumilia benchi miaka yote hiyo kwa ajili ya mpira, utashindwa kuvumilia barabara kwa ajili yangu?"

Gari la nyuma likapiga honi tusogee. Hakusogea.

"Watu watasema umenikimbia," akasema.

"Watasema. Wewe utawaambia nini?"

Kutoka Huntsville mpaka Grand Prairie hakujibu, na mimi sikurudia. Jibu la swali hilo tu ndilo nililotaka kulijua. Kuishi mbali naye ningeweza. Kuishi mbali naye huku ukoo ukiniita mkimbizi wa ndoa na yeye amenyamaza, hapana. Hapo ningemkimbia kweli.

Jumapili baada ya kanisa tukarudi Irving. Ndege zinapita juu ya paa, vikombe vinatetemeka kidogo, wao wamezoea. Niliingia nikaketi sebuleni, kwenye kochi, katikati.

Shangazi akasimama karibu na kaunta. "Mkwe, chai?"

"Nitakunywa, shangazi, asante."

Akabaki anaitazama birika. Mwisho akamimina mwenyewe.

Mume wangu akaeleza habari za Houston. Wamempa kazi, atapewa na darasa la kufundisha, wamempenda. Baba mdogo alisikiliza, akakuna kidevu, akasema kumbe na mtu wa benchi ana bahati yake. "Haya. Mnahama lini?"

Mume wangu akaangalia viganja vyake. "Tumeongea," akasema. Akaishia hapo. Nilihesabu ndege moja ikipita, nikahesabu ya pili, na ndani ya kifua changu nilianza kupanga nguo zangu kwenye sanduku.

"Nahama mimi," akasema. "Yeye anabaki."

"Anabaki wapi?"

"Grand Prairie. Ana shule."

"Ndoa ya barabarani!" shangazi akapiga makofi. "Na mwanamume atapikiwa na nani?"

"Amekataa kukufuata?" baba mdogo akauliza, na hakuwa akiniangalia mimi. "Sema ukweli. Mkeo amekataa?"

Nilifungua mdomo. Mume wangu akaweka mkono juu ya goti langu.

"Hakukataa. Mimi ndiye niliyetaka aache shule yake, na nilikosea. Mkitaka kumsema mtu, nisemeni mimi."

Hapo mama mkwe, ambaye tangu kikao cha kwanza hakuwa ametoa neno, akakohoa. "Mimi nililetwa Marekani kukaa na mjukuu," akasema. "Sikuletwa kukaa na kocha. Mjukuu yuko Grand Prairie."

"Shemeji, na wewe!" baba mdogo akalalamika.

"Na mimi nini? Huyu ana mikono, atapika. Kama alijifunza kurusha mpira asiopewa, atajifunza na wali."

Kikao hakikufungwa. Baba mdogo alisema atatafakari, atatuita. Shangazi hakunisemesha mpaka tunaondoka, ila alinifungia pilau kwenye bakuli, akalisukuma mikononi mwangu kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mume wangu alihamia chumba cha kupanga karibu na shule yake, kwenye majengo yaliyosongamana, watoto wa kila nchi wakicheza ngazini. Ijumaa wana mechi, Jumamosi wanatazama video za mechi, Jumapili akiweza anaendesha kuja, anakula, analala kwenye kochi mdomo wazi, jioni anaondoka. Tunagombana kwenye simu kuhusu vitu vidogo. Mtoto akimkosa ananinunia mimi. Kuna siku naondoka zamu ya nyumba ya wazee nikiwa nimelewa usingizi, naingia darasani, nakaa mbele ili niaibike nikisinzia. Nina hasira bado. Nina hasira na wajane wa Houston kwa kuzoea, na hasira na mimi ninapomkosa.

Kwotabeki wake mrefu, niliambiwa, ameacha kutupa helmeti. Nami nimefaulu mtihani wa kwanza. Nilimpigia kumwambia akiwa uwanjani, nikamsikia akiwapigia watu kelele kwa Kiswahili, watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, kwamba mke wake amepasi.