Wavu Nilioufua

Mjukuu wangu ameniwekea daftari na kalamu mbili, kana kwamba moja haitanitosha kuaibika. Anataka habari za babu yake. Haya. Mwandiko wangu ni wa kukoroga, atakayeucheka asisome.

Babu yake alikuwa mchukuzi wa magunia sokoni. Walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Gunia zima alilipandisha kwenye lori huku anapiga soga. Akapata ngiri, uvimbe kinenani kama limau, akaubana kwa mkanda miaka sita asiseme neno. Mimi fundi cherehani, napima viuno vya watu kutwa, cha mume wangu sikukiona.

Nilipomgundua nikamburuta hospitali. Daktari akasema misuli imeachana, uzi mtupu hautadumu, atatiwa kiraka cha wavu.

"Hautaoza humo?" nikauliza.

"Hauozi, mama. Nyama itaota kwenye matundu yake, vishikane. Mradi mwili uukubali."

Tukaununua duka la dawa, tuje nao Jumatatu.

Jumapili nikaifungua ile pakiti. Wavu mweupe, laini kama chandarua. Miaka arobaini sijakata kitambaa kipya bila kukifua, maana kikisinyaa baada ya kushonwa, nguo imeharibika. Sasa suruali ya mteja niihurumie, mwili wa mume wangu nisiuhurumie? Nikaufua kwa sabuni, nikauanika kivulini, nikaurudisha, pakiti nikaishona kwa mkono.

Daktari akauona mshono. "Nani amefungua?"

"Mimi. Nimeufua, usije ukamsinyalia tumboni."

Muuguzi akacheka. Daktari hakucheka. "Ni kweli husinyaa, mama, ndiyo maana naukata mkubwa kuliko tundu. Lakini si maji yanayousinyaza, ni nyama inapoukumbatia. Na huu sasa una vijidudu tusivyoviona. Nikiuweka, utatunga usaha, mwili uukatae. Leta mwingine."

Duka la dawa walikuwa wameishiwa, mpaka wiki ijayo.

Hatukuifikia. Alhamisi utumbo ulikwama ndani ya uvimbe, akatapika hadi macho yakaingia ndani. Walimpasua siku hiyohiyo. Kipande cha utumbo kilishakufa, wakakikata. Na penye uchafu ule hawakuthubutu kuweka wavu wowote. Wakashona kwa uzi mtupu.

Alipona. Mwaka wa pili uvimbe ukarudi, na hata ndoo ya maji hakuinua tena. Aliishi miaka tisa kando ya cherehani yangu, akinikatia nyuzi. Wachukuzi wenzake wakipita:

"Winchi, leo umenyanyua nini?"

"Sindano."

Wanacheka. Mimi sikuweza. Siku moja nikamwambia, "Ni mimi niliyekuweka hapo."

Hakuinua kichwa. "Miaka sita yangu, siku moja yako. Lete hilo shati."

Wavu ule ninao, kwenye droo ya cherehani. Yeye yuko kaburini, nao bado mweupe.

Umesoma, mjukuu wangu? Basi funga daftari, nenda kwa baba yako, mwambie alegeze mkanda. Akiona haya, mwambie nimesema mimi. Pakiti ya hospitali mkipewa, usiiguse kwa mkasi. Kisha rudi hapa uniambie umekuta nini.