Kompyuta Yangu na Magoti ya Cucu

Kompyuta niliyojiundia hapa Ruiru ilikuwa ikipata moto na kujizima kila mara. Feni zake zilizunguka kwa mbwembwe na taa za rangi, zikimpulizia baridi cucu, nyanya yangu, aliyetoka Kalimoni kututembelea Julai hii ya baridi.

"Wewe, hii mashini yako inataka kunimaliza?" akalalamika.

Kurudi dukani nilikonunua vipuri kuuliza niliona haya. Nikaifungua mwenyewe, nikakuta waya wa pampu ya maji ya kupoza unaning'inia tu. Nilikuwa nimechomeka feni zenye taa, nikasahau pampu. Nikauchomeka. Maji yakazunguka, kompyuta ikakaa bila kujizima, na feni zikaanza kutoa hewa ya joto.

Cucu akavuta kiti, akaelekeza magoti kwenye feni.

"Sasa naona ulienda shule! Usiizime."

Inafanya kazi vizuri kabisa. Tangu jana sijafikia kibodi.