Mtu wa Tatu Kaburini kwa Bibi Ada

Doreen Marples hakuwa mtu wa kuamini jambo kwa kuambiwa mara moja. Nimeishi mlango wa pili kwake miaka ishirini na sita, kwenye mtaa wetu wa nyumba zilizoshikana huku Darnall, mashariki ya Sheffield, na sikumbuki siku aliyomfungulia mlango fundi wa gesi kabla ya kupiga simu ofisini kwao kuuliza kama kweli wana mtu mwenye masharubu ya namna ile.

Huenda kazi ndiyo iliyomzoesha hivyo. Tangu ana miaka kumi na mitano alikuwa aking'arisha vijiko na uma kwenye karakana, amejifunga karatasi za kaki kiunoni na kitambaa chekundu kichwani, kila kijiko anakigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta mkwaruzo. Alifanya hivyo mpaka karakana ikafungwa. Baadaye alimzika mumewe, mwanawe akahamia Hull, na ndugu wa karibu aliyebaki mjini akawa binamu yake Malcolm, ambaye Doreen hakumwamini pia.

Alipotimiza miaka sabini na miwili aliamua kumwekea jiwe bibi yake, Ada Dungworth, mama wa baba yake, aliyemlea kwa sehemu kubwa. Bibi Ada alizikwa mwaka sitini na sita katika kaburi moja na mumewe Harold, dereva wa tramu, gari la reli la barabarani, aliyefariki kabla Doreen hajazaliwa. Juu yao hapakuwa na kitu ila majani na kigingi chenye namba.

Tulikwenda pamoja ofisi ya makaburi kuomba kibali. Karani, mama wa makamo, alileta daftari la mazishi, akaweka kidole kwenye namba ya kaburi na kusoma majina. Harold Dungworth, 1938. Minnie Dungworth, 1961. Ada Dungworth, 1966.

"Rudia hilo la katikati," Doreen alisema.

Karani akarudia. Doreen akavaa miwani na kujisomea mwenyewe.

"Huyu Minnie ni nani?"

"Nilidhani wewe ndiye utaniambia, mama. Ni wa ukoo wenu."

"Kwetu hakuna Minnie."

Siku ile hatukuomba kibali cha jiwe wala cha nini. Tulirudi nyumbani kwangu, akakaa mezani bila kuvua koti, pai ya nyama na viazi ikapoa mbele yake. Kwanza alisema daftari limekosewa. Chai ilipofika alishasema kuna mtu aliyeiba nafasi ya kaburi. Kabla hajaimaliza, mwizi alikuwa na jina: marehemu Cyril, baba yake Malcolm, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulikia mambo ya ukoo. Akampigia Malcolm simu papo hapo.

Malcolm alicheka. Akamkumbusha kwamba mwaka sitini na moja yeye alikuwa mtoto wa miaka saba.

"Sisemi wewe," Doreen akamjibu. "Nasema baba yako, mikono yake ilikuwa mirefu."

Malcolm akakata simu.

Wiki iliyofuata tulianza safari za maktaba, ghorofa ya kumbukumbu za mji. Watu wengi huenda pale kutafuta mababu, na kwa kawaida hufurahi wakiwapata. Doreen alikaa kwenye mashine ya kusomea kumbukumbu za zamani akiwa ameukunja mkono kuzuia jirani asione. Alipata upesi ndoa ya Harold na Ada, mwaka 1919. Mimi nilitaka tuondoke. Yeye akaendelea kurudi nyuma, mwaka kwa mwaka, mpaka akafika 1915 na kukuta Harold Dungworth amefunga ndoa na msichana aitwaye Minnie Tingle, kanisani Walkley, upande wa pili kabisa wa mji.

Aliagiza vyeti vyote viwili, na vilipokuja kwa posta akaviweka chini ya dirisha la jikoni na kuniita. Jina la baba wa bwana harusi lilikuwa lilelile. Sahihi ilikuwa ileile, na herufi H yenye mkia uliojikunja. Kwenye cha kwanza Harold alikuwa kondakta wa tramu, kwenye cha pili amepanda kuwa dereva.

"Tazama hapa," akasema, kidole kwenye cheti cha pili. "Hali ya ndoa: mseja. Mseja, na ana mke Walkley anamsubiri na chakula."

Nilimwona akipiga hesabu ya maana yake. Ndoa ya bibi yake haikuwa ndoa, na baba yake alikuwa mtoto wa nje. Lakini hakukaa na uchungu huo muda mrefu, kwa sababu shaka ilikuwa imeshapata njia nyingine. Ikiwa Minnie ndiye mke halali, basi ni watu wake waliokuja na cheti chao na kulifungua kaburi kwa nguvu, wakamlaza pale huku Bibi Ada akitazama bila la kusema.

Alirudi ofisini kutaka karatasi iliyoruhusu mazishi ya 1961. Karani aliomba wiki moja, na baada ya wiki akaitoa. Ilikuwa ridhaa ya mwenye kaburi. Mwenye kaburi alikuwa Ada, na Ada alikuwa ametia sahihi.

"Imeghushiwa," Doreen alisema, akaomba nakala.

Nyumbani alitoa kutoka kwenye droo karatasi ambayo bibi yake aliandika jinsi ya kupika keki ya tangawizi, iliyojaa madoa ya mafuta. Akaziweka sambamba. Alizitazama mpaka birika likachemka na kupoa tena, kisha akairudisha ya keki kwenye droo.

"Ni mkono wake," alisema. "Alimkaribisha mwenyewe."

Tulibandika tangazo kwenye chama cha watu wanaotafuta koo zao, na baada ya mwezi akajibu mjukuu wa Minnie, Glenys Oxley, mpishi mstaafu wa shule. Alikubali kuja. Doreen aliniomba niwepo kama shahidi.

Glenys alikaa kwenye ukingo wa kiti, mkoba mapajani, na chai hakuigusa mpaka alipoona sisi tumekunywa. Alituambia wazi kwamba amemwachia binti yake anwani, akichelewa kurudi awapigie polisi.

"Umefanya vizuri," Doreen akasema, na nadhani hapo ndipo alipoanza kumheshimu.

Kwao walikuwa wameambiwa kwamba babu Harold aliuawa vitani Ufaransa. Doreen alimwonyesha vyeti, na Glenys akavisoma mara mbili. Aliposikia jina la Ada akainua kichwa. Akasema utotoni alikuwa na Shangazi Ada, mama mwembamba aliyekuja kwao kila Alhamisi kwa mabasi mawili, akimkata nywele za mbele na kukaa jikoni na bibi yake wakicheka mlango umefungwa. Minnie alipougua, huyo shangazi ndiye aliyemwogesha. Alipokufa hapakuwa na mahali pa kumzika, na shangazi akasema yeye anapo.

"Alhamisi Bibi alikuwa anakwenda mkutano wa wanawake kanisani," Doreen alisema.

"Basi mkutano ulikuwa kwetu, dada."

"Tangu lini?"

"Mama yangu alisema walikutana kwenye mazishi ya mwanamume fulani. Hakuwahi kutaja ni nani."

Doreen hakulia. Alikasirika, na hasira yake haikuwa kwa Harold. Ilikuwa kwa Bibi Ada, aliyemdanganya kila Alhamisi asubuhi huku akimpakia siagi kwenye mkate.

"Angeniambia mimi. Nisingemwambia mtu."

"Na ungemwamini?" Glenys akauliza.

Doreen akammiminia chai nyingine.

Ugomvi ulikuja kwenye jiwe. Malcolm hakutaka jina la Minnie liandikwe kabisa, watu watasoma. Glenys alitaka Minnie aandikwe mke, na awe juu ya Ada. Doreen aliniambia kwamba hilo ndilo lililomleta Glenys tangu mwanzo, na wawili hao hawakusemezana miezi miwili. Mwishowe Doreen mwenyewe alimpigia simu: majina yafuate mpangilio wa daftari, kama walivyoingia kaburini, na neno mke lisitajwe kwa yeyote. Glenys alifikiri siku tatu, akakubali.

Mchonga mawe alipendekeza aongeze maneno machache ya upendo.

"Andika majina na miaka," Doreen alimwambia. "Hayo nimeyahakikisha."

Jiwe lilisimamishwa mwezi wa tatu, siku ya upepo. Doreen alilipitia herufi kwa herufi akiwa na nakala ya daftari mkononi, kisha akasogea pembeni ili Glenys aweke maua. Kwenye basi la kurudi walikaa kiti kimoja, mimi nyuma yao. Nilimsikia Doreen akimuuliza kwa upole kama Alhamisi ijayo anaweza kuja na cheti chake cha kuzaliwa, akione tu.