Matonge ya Kunguru

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili, katikati ya miaka ya hamsini, kwa homa ya siku nne tu. Sisi ni Wahindu, na nyumba yetu ilikuwa Usagara, Tanga. Kuhani wetu alikataza vilio. Alisema roho huuvua mwili kama mtu avuavyo nguo chakavu, ikavaa mwingine, na machozi yetu yangemfungia mama njia. Nilimchukia. Nguo chakavu gani? Mama alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Siku ya kumi na mbili ndiyo ya kuagana. Kwetu, matonge ya wali huwekwa juu ya jani la mgomba kwa ajili ya kunguru. Wakila, marehemu ameridhika, anakwenda kuzaliwa kwingine. Wakisusa, kuna jambo linamshikilia hapa. Niliposikia hivyo, nilijua la kufanya.

Asubuhi na mapema nilichukua chapati zote za jana na sufuria ya dengu, nikawamwagia kunguru nyuma ya jiko. Jirani yetu, bibi wa Kidigo aliyekuwa shoga yake mama, akachungulia juu ya ukuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hao wezi leo wana karamu ya nani?"

"Wana njaa tu, bibi."

Saa tano baba aliweka matonge uani. Kunguru walikaa ukutani, matumbo yamejaa, wakatutazama. Baba aliunganisha viganja, akaahidi kuyapeleka majivu ya mama mto Ganga. Hakuna aliyeshuka. Akaahidi kutoniletea mama wa kambo. Wakabaki palepale ukutani. Jasho lilimtiririka kwenye kichwa alichonyoa kwa ajili ya msiba. Halafu akapiga magoti.

"Jumatatu uliniambia nikupeleke hospitali," alisema. "Nikakwambia ngoja nifunge duka. Nisamehe."

Kunguru mmoja alijikuna shingo, basi.

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Lakini nikisema, mama ataondoka. Waswahili husema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake; nami nilikimbiza wangu. Mwishowe baba aliyakusanya matonge, akaenda kuyatupa baharini.

"Kamwambie babako kunguru walikuwa wameshiba," bibi aliniambia jioni ile. Nikaitikia. Sikumwambia.

Mama hakubaki, bila shaka. Sikumwona hata ndotoni. Baba hakuoa tena. Kila magharibi aliwasha taa mbele ya picha ya mama, akaomba radhi kwa kosa lilelile, mimi nikimsikia kutoka jikoni, miaka ishirini na moja.

Alipofariki hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo matonge niliyaweka mimi. Nilikuwa nimejiandaa kukiri yote, neno kwa neno. Kunguru walishuka kabla sijaondoa mkono kwenye jani, wakala mpaka punje ya mwisho. Hakuningoja hata nimwombe radhi.