Niliificha Diploma ya Binti Yangu Ili Baba Yake Aaibike

Diploma ya binti yangu niliificha mimi mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na makosa ya baba yake sitafika mwisho, na mtanionea huruma nisiyostahili.

Naishi Kolwezi, mji wa migodi huku Kongo, nauza samaki wa ziwa la Nzilo sokoni. Mume wangu ni dereva wa malori makubwa ya mgodini. Miaka sita iliyopita aliniacha, akaenda kuishi mtaa wa Musonoi na mwanamke mwenye watoto wawili. Hata kuniaga hakuniaga! Alihamisha nguo zake Jumapili, mimi nikiwa kanisani na kwaya. Habari nilipewa na jirani, tena mbele ya mabinti wa jirani huyo.

Tangu siku ile nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: nimuone yule mwanaume akiaibika mbele ya wote waliomjua.

Binti yetu, tumwite Kapinga, alimaliza sekondari na kupata diploma, yaani cheti chetu cha kuingilia chuo kikuu, kwa alama nzuri sana. Siku ya matokeo wenzake walimmwagia poda kichwani kumpongeza, akaja mbio njia nzima, mweupe mpaka kope, akipiga kelele: "Mama! Nitakuwa docteur!"

Pale pale nikaapa kumsomesha peke yangu. Tulikuwa wanawake kumi wa sokoni kwenye likelemba: kila mwezi tunachanga, mmoja anachukua zote. Zamu yangu ingelipa minerval, yaani pesa ya masomo, na samaki wangelipa chumba kule chuoni Lubumbashi. Nilikwisha kujiona siku ya kuhitimu, nimevaa kitenge kipya, na baba mtu amesimama nyuma kabisa, hakuna anayemsalimia. Picha hiyo niliipenda kuliko nilivyoyapenda masomo yenyewe. Mnanisikia?

Jumamosi moja baba yake akaja mezani kwangu sokoni, bado amevaa nguo za kazi.

"Mama Kapinga, sikukuya kwa fujo," akasema. "Kampuni iko naandika batoto ba bafanyakazi benye kupata diplome. Itabalipia minerval na nyumba, mpaka mwisho. Unipatie tu makaratasi ya mutoto. Liste inafungwa mwisho wa mwezi."

Mpaka mwisho! Mama mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba watu watasema yeye ndiye aliyemsomesha.

"Makaratasi ingali ku masomo," nikamjibu. "Bado habajatoa."

Uongo. Nilikuwa nimeyachukua shuleni Jumatano, nikatia sahihi, nikayaweka chini kabisa ya sanduku la vitenge.

Wiki iliyofuata akarudi, uso umebadilika. "Nilifika ku masomo. Balinionyesha signature yako. Mama Kapinga, tugombane siku ingine. Nakuomba."

Nikapaza sauti soko zima lisikie. "Mukuye muone! Mwanaume alitoroka mutoto, leo anatafuta diplome! Uende uulize bibi yako wa Musonoi!"

Wanawake wakacheka, wengine wakapiga makofi. Akasimama pale na kofia yake ya kazi mkononi, wateja wakimtazama juu mpaka chini. Kisha akaivaa kofia, akaondoka. Jamani, utamu ule! Sijawahi kuonja kitu kitamu vile maishani mwangu, na sitawadanganya kwamba haukuwa mtamu.

Ningeishia hapo pengine Mungu angenisamehe haraka. Lakini aibu ya sokoni haikunitosha. Nilitaka apoteze na mtoto pia.

Nikamwambia Kapinga: "Papa yako ameandika bale batoto ba bibi yake ku kampuni. Wewe alikufuta."

Mtoto akalia mpaka akatapika. Kisha akamtumia baba yake ujumbe wa sauti: "Papa, uliandika batoto ba bibi yako, mimi ulinifuta. Kuanzia leo uhesabu nilikufa." Akaizuia namba yake. Na aliyemshikia simu wakati anasema ni mimi.

Orodha ya kampuni ikafungwa. Siku mbili baadaye nikatoa makaratasi sandukuni, nikamwambia shule imeyatoa. Akanikumbatia!

Akaenda Lubumbashi. Likelemba ililipa nusu ya minerval. Nusu ya pili nilitegemea samaki, ila mvua za mwaka ule ziliharibu barabara, magari yakawa yanakwama, samaki wananifikia wameoza. Nikaomba kwa ndugu, nikaomba kanisani. Siku ya mtihani walisoma majina mlangoni, ambao hawajamaliza kulipa wakae nje. Wangu akakaa nje.

Alirudi na basi, begi moja, amekonda. Nilidhani atanilaumu. Akasema: "Mama, wewe ulijikaza. Ni Papa njo aliniua."

Nami nikamwacha aamini hivyo! Nilimpakulia bukari, yaani ugali, na mboga, nikamwambia ale.

Akaanza kunisaidia sokoni. Miezi kadhaa ikapita, ndipo yule mwanamke wa Musonoi akaja, ameshuka kwenye pikipiki. Nikashika kisu cha magamba. Hakunitazama hata kidogo, alimtazama Kapinga.

"Mutoto yangu, papa yako halalaka tena muzuri juu ya hii maneno. Kampuni haiandikaki mutoto mwenye haiko wa mufanyakazi. Bangu bangeandikwa namna gani? Jina yako njo ilikuwa ku liste, mpaka siku ya mwisho. Ilikosa tu diplome. Na diplome, mama yako alishaichukua ku masomo."

Kapinga akanigeukia. "Mama, sema ni bongo, anadanganya. Sema tu, nitakuamini."

Mimi nikavuta samaki, nikaanza kumparua magamba kwa kile kisu. Wanawake wale wale waliopiga makofi waliinamia samaki wao.

Kapinga akanawa mikono kwenye beseni, taratibu, akavua kitambaa cha kiunoni, akapanda pikipiki ile ile na yule mwanamke. Hakurudi.

Baba yake alijaribu tena mwaka uliofuata. Kampuni ikasema wanaandika wale tu waliotoka kupata diploma mwaka huo. Sasa Kapinga anauza vocha za simu Musonoi, na yule mwanamke anamwita Mama. Mwezi uliopita tulikutana njiani. Akaniambia: "Bonjour, madame." Mimi niliyemzaa!

Msidhani nimemsamehe baba yake. Sijamsamehe! Nikimwona anapita bado damu inachemka. Namsubiri aje anitukane, majibu nimeyaandaa. Haji. Hata ugomvi amenikatalia.

Lakini wewe mama unayesoma hapa, na makaratasi ya mtoto yako sandukuni kwako: yule mwanaume akibisha hodi, hata kama amembeba mwanamke wake nyuma ya pikipiki, mpe. Mpe kabla hajamaliza kuomba. Kisha funga mlango, umtukane humo ndani mpaka sauti ikauke. Mtoto akiwa darasani hatakusikia.