Poti ya Korosho

Ziada alitaka kurudi kwenye meza yake ya samaki wakavu sokoni Newala, lakini mama mkwe wake, Bibi Rahima wa Kitangari, alikuwa na sharti moja la kumlea mjukuu wake Ashiru. "Akiacha kujikojolea, mlete. Maji nayapandisha kutoka bondeni kwa kichwa changu, si ya kufulia mikojo."

Basi Ziada akanunua poti ya njano. Siku nne Ashiru aliikalia kama mwenyekiti wa kijiji, akainuka mkavu, akaenda kukojolea mkeka. Ziada akampandishia dau: biskuti moja, biskuti mbili, mwisho kofi. Yote yakakataliwa.

Siku ya tano Bibi Rahima akaja kukagua mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Ziada akaamkia.

"Marahaba. Haya, mjukuu wangu, mbona hukojoi humu?"

"Ya korosho," Ashiru akajibu, kama anayemwelewesha mtu mgumu.

Ziada akakumbuka. Tangu ainunue, kila asubuhi alikuwa akiokotea korosho humo na kuisuuza jioni, maana kwake chombo kipya hakikai bure.

"Mtoto amekushinda adabu, Mama Ashiru. Unamlazimisha anyee chombo cha mavuno."

Ziada akatoka uani. Akaleta karai bovu la zege, na Ashiru akakojoa papo hapo mpaka povu.

Bibi akamfunga mjukuu mgongoni, karai akalimwaga na kulitia kwapani, kisha akajitwisha poti.

"Korosho zimo humo, mama," Ziada akasema.

"Nimeziona."