Mistari Mitano, Kila Sura Ionekane

Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini nionyeshe Kampala hii anayepiga picha za familia kunishinda. Hayupo! Kamera nilijifundisha mwenyewe, kwa kubonyeza na kuharibu, mpaka wakubwa wa ofisi za Nakasero wakaanza kunifuata kwa miguu yao.

Jumamosi ile boda boda ilinipandisha Naguru, kwa mzee mmoja polisi mstaafu. Binti yake wa mwisho alikuwa anasafiri jioni hiyo hiyo kwenda kufanya kazi Uarabuni, na mzee alitaka picha moja kubwa ya ukutani, ukoo mzima, kabla gari la kumpeleka uwanja wa ndege halijafika. Uani watu walijaa, wengine wametoka Gulu. Mzee akawapanga kama gwaride: mistari mitano, wafupi mbele, warefu nyuma. Binti, mrefu kama baba yake, akaangukia mstari wa mwisho.

Nikapiga kwa mtindo ulionipa jina: tundu la lenzi wazi kabisa, nyuma kote kuyeyuke kama samli. Mzee akachungulia kioo cha kamera.

"Mpiga picha, binti yangu yuko wapi?"

"Huyo hapo, afande."

"Huyo ni uji. Nikautundike uji ukutani?"

Ukoo mzima ukacheka. Shangazi mmoja akapaza sauti, "Fundi, kamrudishie mwenyewe kamera yake!"

Damu ilinichemka, lakini kwa raha! Mimi ukinichokoza ndiyo umeniwasha. Nikaisimamisha kamera kwenye stendi, nikaliminya tundu la lenzi likawa dogo kabisa, maana likiwa dogo ndipo wa mbele na wa nyuma wanatoka safi sawasawa. Nikalenga mstari wa pili, siyo wa kwanza, ili usafi huo ufike mpaka nyuma. Ila tundu dogo linaingiza mwanga polepole, na mawingu yalikuwa yameshatanda. Atakayetikisika tu, ameharibika. Sasa wewe jaribu kuwatuliza vichanga na mashangazi wenye maneno!

"Afande, mtu asitikisike hata ukope."

"Hilo tu?" Akarudi kwenye kiti chake katikati ya mstari wa mbele, akajaza kifua. "Ukoo! Mguuu... sawa!"

Banange, jamani! Visigino vikagonga chini. Shangazi akameza maneno yake, hata kichanga kikatoa macho, kikaganda. Nikabonyeza.

Nikaikuza picha mpaka mstari wa nyuma kabisa: hereni, kope, kovu dogo juu ya jicho la binti, vyote kama vimechongwa! Mzee akaja, akaishika kamera kwa mikono miwili. Alimtazama binti wa kwenye kioo, na binti mwenyewe yuko hatua chache mbele yake, mikono ubavuni, gari limeshapiga honi getini.

"Baba," akaita bila kugeuza shingo, "sema mguu pande basi, ndege itaniacha."

Mzee hakuinua macho.

"Tulia hapo," alisema. "Bado nakagua."